Kichaka cha Mwamvita

Sogeeni, wanangu, kaeni hapa mkekani, na wewe Mashaka acha kutazama mlangoni, aliyekuja kukuita atasubiri, kwa maana mimi sina muda wa kusubiri. Bismillahi. Namshukuru Mola aliyenibakizia ulimi baada ya kunichukulia miguu, na namwomba anipe pumzi ya kumaliza nitakayoyaanza. Mwalimu yupo, na Mzee Feruzi jirani yetu yupo, nimewaita wawe mashahidi, ili kesho asitokee mtu wa kusema kwamba mzee alikuwa akiweweseka. Siweweseki. Nasema polepole kwa sababu kifua kinanibana, na kwa sababu niliyo nayo yananitia kinyaa, na mtu aliyebeba kitu kinachonuka huenda taratibu kisije kikammwagikia.

Kwanza jueni ninachogawa. Nyumba hii ya Njoro, na misumeno yangu na randa na patasi zote, na lile shamba letu la Shirimatunda lenye migomba, hayo ni urithi wenu ninyi watatu, Abasi, Mashaka na Mwanajuma, na Mwalimu atayagawa kama dini inavyogawa, mimi sina neno. Lakini chini ya shamba lile kuna ukingo unaoteremka kijitoni, mwembamba, wa mawe, usioota mgomba wala mbuni. Ukingo huo hamtaupata. Umebaki mti mmoja juu yake, mfupi, haufiki bega la Mwanajuma, nanyi mnaujua ni mti gani, kwa kuwa wenzake mliwamaliza kwa mikono yenu, na juzi Mashaka alichimba shimo kando yake kujaribu udongo wa matofali. Nataka nife nikijua kwamba mti ule hautaguswa. Haja yangu duniani ni hiyo tu.

Mnaona ni upuuzi. Nimewasikia mkisema huko uani. Basi ngojeni niwaeleze, kwa maana mama yenu hakuwa mtu wa kujieleza, na mimi nilikosa kuwaambia nikidhani kwamba mtoto huyajua ya kwao kama anavyoujua mlango wa nyumba yao.

Babu yenu alikuwa Mmanyema, aliyetembea na misafara akibeba mizigo ya watu mpaka mabega yakaota sugu, Wajerumani wakamkuta hapa Moshi, Waingereza wakamkuta hapa, na hapa Njoro tukamzika. Mama yenu Mwamvita alikuwa wa Ugweno, kule kwenye milima ya Upare mnayoiona kwa mbali hewa ikiwa safi. Nilimwoa nikiwa seremala kijana katika karakana ya Surjit karibu na stesheni, Kalasinga aliyenifundisha kuunga mbao bila msumari. Na ardhi ya Shirimatunda ilitokea hivi. Mzee Elisaria, marehemu mume wa mama Eliona, alitaka nyumba ya mabati, ya kwanza upande ule, nami nikamjengea paa na kumtundikia milango. Kazi ilipokwisha akanichukua mpaka chini ya kihamba chake, shamba la ukoo wao, akaniambia, "Fundi, mtu anayejua mlango wangu unavyofungwa siwezi kumwacha akae mbali." Wazee wa mtaa wakaitwa, wakakubali, nikapewa sehemu ile. Mimi, Mmanyema, Mwislamu, mtoto wa mpagazi, nikapewa ardhi na Mchaga Mlutheri, na hatukuwa na undugu ila mlango. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Siku ya kwanza nilipompeleka mama yenu akaone shamba, aliteremka moja kwa moja kijitoni kutazama maji, na sikumwona kurudi. Nilimkuta ameketi chini mbele ya kichaka, analia. Nikadhani ameumwa na nyoka. Akaniambia, "Mume wangu, hawa ni watu wa kwetu." Kichaka kilikuwa kimechanua. Mlikiona kila mwaka, lakini sijui kama mlikitazama: matawi membamba ya kijivu, ngozi yake inabanduka kama karatasi, na maua yanatangulia majani, meupe, yenye njano kooni, yanafunguka alfajiri na kabla ya adhuhuri yako chini. Akasema kwamba kule Ugweno mti huo uliota nyuma ya nyumba ya bibi yake, juu ya mwamba mmoja, na haukuwepo kwingine kokote, ukipita kijiji kizima huuoni. Alipoolewa akaletwa Moshi alijua ameuaga. Sasa ameukuta hapa, kwenye ukingo wa mawe wa mtu mwingine, na katikati ya hapa na Ugweno kuna nyika tupu.

Watu wa Shirimatunda hawakuwa na jina lake. Mama Eliona alisema wao waliuita majani ya kijitoni, basi. Mbuzi hawauli. Mimi kama seremala niliukagua nikaona haufai hata mpini wa kisu. Mama yenu akaupa jina, akauita Mtani, kwa sababu mtani ndiye anayekuja kwako bila kuitwa, anakaa mahali asipopewa kiti, na ukimuuliza umefikaje anakucheka. Kila Ijumaa baada ya sala alikwenda kufagia chini yake. Mbuzi wa mtu hakufungwa pale.

Mwaka fulani akapita Mzungu wa misitu na Melkior wa Kibosho akimwongoza. Akauona mti, akavua kofia, akakata kitawi kidogo akakilaza katikati ya karatasi kama mtu anayemlaza mtoto. Melkior akatutafsiria kwamba ukoo wa miti hii ni mdogo sana, wachache wako huku, wachache wako Usambara, wachache mbali kusini, na katikati yao hakuna hata mmoja. Mama yenu akauliza, "Muulize nani aliwatawanya." Melkior akacheka, swali hilo hakulitafsiri. Lakini njiani kurudi mama yenu aliniambia neno, akasema kwamba sisi pia ndivyo tulivyo hapa Njoro, Wamanyema wawili, Wanyamwezi watatu, Wapare kidogo, Mzigua mmoja, kila mmoja kwenye ufa wake wa jiwe, na Mungu ndiye ajuaye mbegu ilidondoshwa na nani.

Mnisogezee maji. Basi, yatosha.

Sasa nakuja kwenye lile linalonichafua moyo. Abasi, inua uso. Mama yenu alipofariki mimi nilikuwa nimelala humu humu, miguu imevimba, sikuweza hata kumfikisha kaburini mke niliyekaa naye ujana na uzee. Mkamzika ninyi, Mungu awalipe kwa hilo, mlizika vizuri. Siku iliyofuata mkamsikia Mwalimu akieleza ile desturi njema ya kusimika kijiti kibichi juu ya kaburi, kwamba maadamu kijiti kibichi kinamtaja Mola wake, maiti hupata nafuu. Mwalimu yuko hapa, na aseme kama nasema uongo: alisema kijiti. Kimoja. Mtu mwenye akili angekwenda na kitawi kimoja chenye mzizi, akakichimbia, akakimwagilia maji, kikaota. Ninyi mlifanya nini? Mlikodi mkokoteni. Mkachukua panga na shoka mkaenda Shirimatunda, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa maua, mkakiangusha kichaka kizima, shina kwa shina, mkakirundika kwenye mkokoteni mpaka ukafunika magurudumu, na badala ya kukata njia fupi mkapita katikati ya soko, ili watu wa Moshi wapate kusema, tazameni watoto wanavyompenda mama yao.

Mama Eliona alisikia shoka akaja mpaka kwenye mfongo, ule mfereji wa maji, akasimama upande wake. Amenisimulia, na Mwanajuma aliyekuwapo amenithibitishia. Aliwaambia, "Wanangu, mama yenu huo mti hakuukata hata tawi la mswaki." Na wewe Mashaka, hukumwamkia, mwanamke aliyekufunga nepi, ukamjibu huku shoka likiwa begani, "Mama, wewe Mkristo, mambo ya makaburi yetu yanakuhusu nini?" Akarudi kwake. Mwanajuma akalia, mkamwambia anyamaze, kilio kinamtesa maiti. Mna elimu kubwa kwelikweli ya yanayomtesa maiti.

Mkokoteni ulipopita hapa nje niliuona kupitia mlangoni. Nilidhani naota.

Ijumaa nikajikongoja kwa fimbo mpaka makaburini, nikipumzika kila baada ya ukuta. Wanangu, mmewahi kunusa maua yaliyovunda? Yalikuwa yamekuwa meusi. Yalikuwa yananata. Harufu yake ilikuwa tamu tamu, ile ya tunda lililooza likiwa limefungiwa kabatini, na nzi walikuwa wamejaa juu ya kaburi la mama yenu kama kwenye bucha. Hakuna kijiti hata kimoja kilichokuwa kibichi, kwa sababu mliyatupa juu juu, hamkuchimba hata shimo la kidole. Nikainama nikayatoa kwa mikono yangu, nikijua kila tawi ninaloshika limefagiliwa chini yake maisha yote ya mwanamke aliyelala pale. Nilirudi nyumbani nikatapika. Mkasema ni ugonjwa.

Hamkutosheka. Ikaja arobaini. Mkasema Njoro ni padogo, watu watakuwa wengi, ifanyike Shirimatunda. Nikabebwa kama gunia nikawekwa kwenye kiti, mgeni wa heshima wa msiba wangu mwenyewe. Bei ya kahawa ilikuwa nzuri mwaka huo na kila mtu Moshi nzima alikuwa akishindana kuzika na kuozesha, na ninyi hamkutaka kupitwa. Mkachinja ng'ombe. Utumbo wake mkautupa kwenye mfongo, kwenye maji ambayo mama Eliona anakunywa chini yake. Na mahali pa kupikia, katika shamba lote lile, hamkuona pengine isipokuwa pale penye visiki, kwa kuwa pako wazi sasa, na pana upepo. Visiki mkaving'oa kwa sururu, mkavitia motoni, na kwenye mashimo yake mkapanga mafiga ya masufuria. Nikawaona wanaume waliokuja kumwombea dua mke wangu wakigombania mafuta ya kifua cha ng'ombe, wakifutia mikono kwenye majani ya migomba, mmoja akajamba watu wakacheka, nawe Abasi ukapita katikati yao ukisema kwa sauti kubwa kwamba mama hakuzikwa kimaskini. Mla ni mla leo. Wamekwisha kula, wamekwisha kusahau, na hakuna hata mmoja aliyekuja kunijulia hali tangu pale.

Sasa sikilizeni neno ambalo ninyi wanaume wawili hamlijui. Mwanajuma analijua, aliambiwa na mama yake. Ninyi watatu, kila mmoja alipozaliwa humu Njoro na kitovu chake kikadondoka, mama yenu alikifunga kwenye kitambaa akakipeleka Shirimatunda kwa miguu akakizika chini ya kichaka kile. Alisema mtoto wa mtu aliyetawanyika anahitaji kufungwa mahali, asije akapeperuka. Cha Abasi kilikuwa upande wa juu. Cha Mashaka katikati. Cha Mwanajuma karibu na maji. Basi hapo mlipopiga sururu, hapo mlipotia moto na kupakua pilau, palikuwa mahali penu. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, walisema wazee, lakini hawakupata kumwona mtu aliyekwenda na jembe kukifukua kitovu chake mwenyewe apate kupikia wageni.

Usilie, Abasi. Machozi yako siyataki bado. Nataka masikio yako.

Baada ya watu kutawanyika siku ile mama Eliona alinijia na Mektrida, bintiye, akaniambia, "Baba Abasi, njoo nikuonyeshe kitu, usiwaambie vijana." Wakanishika huku na huku wakaniteremsha. Chini kabisa, kwenye ufa wa mwamba juu ya maji, palikuwa na shina moja ambalo panga halikulifikia. Dogo. Lina majani mapya. Tukalitazama sote watatu. Tangu siku hiyo Mektrida hulichungulia kila anapochota maji, na mimi nikaanza kula tena. Na kumbe wakati huo huo wewe Mashaka ulikuwa ukipima ukingo ule kwa hatua, tanuri hapa, matofali pale. Nilipokuambia kuna mti, ulinijibu nini? Sema mbele ya Mwalimu. Unatazama mlangoni tena. Basi nitasema mimi. Uliniambia, "Baba, mti ambao hata mbuzi ameukataa una kazi gani?"

Mwanangu, na baba asiyeweza kusimama ana kazi gani?

Sasa nausia. Mwalimu na Mzee Feruzi, shikeni maneno. Dini imeniachia theluthi ya mali yangu niielekeze ninakotaka, mradi isiende kwa mrithi. Ningetamani kumpa Mwanajuma ukingo ule, lakini yeye ni mrithi, simuusii, na hata ningeweza, nawajua kaka zake, wangemzunguka kwa maneno matamu mpaka auache. Kwa hiyo ukingo ule wote, kuanzia mgomba wa mwisho mpaka maji, ambao haufiki hata theluthi ya theluthi, nampa mama Eliona, na baada yake Mektrida. Ulitoka mkononi mwa mumewe, unarudi mkononi mwake. Abasi, uliniuliza jana kama ninampa kafiri ardhi ya Waislamu. Ardhi ile ilikuwa yao kabla ya kuwa yetu. Na dini haijanikataza kumtendea wema jirani asiyenipiga vita, aliyemnyonyesha mwanangu mama yake alipokosa maziwa, aliyenishika mkono siku wanangu walipokuwa wakigawa nyama. Kafiri ninayemwogopa mimi ni yule anayeipigia dini baragumu sokoni juu ya mkokoteni.

Siwaombi mkubali. Sheria haikuwahitaji. Lakini naijua dunia, fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi nitakuwa mbali. Ushahidi wa Mwalimu utaheshimiwa hapa Njoro, lakini kule Shirimatunda watu wanaheshimu isale, ule mmea wa majani marefu. Mpaka wa Mchaga ni isale, na mtu akisimika isale kwa mkono wake mwenyewe mbele ya jirani, hata mjukuu wake hatalivuka. Mama Eliona amekwisha kuotesha miche yake, iko tayari mlangoni kwake. Atakayeisimika ni Mashaka. Si kibarua, si Mwanajuma. Wewe. Leo hii, kabla ya magharibi. Na kabla hujashika mche hata mmoja utamwamkia mama yule shikamoo, utangoja mpaka akuitikie, na asipokuitikia utaendelea kungoja. Lile shimo lako ulifukie.

Abasi, wewe ndiye mkubwa, nakuachia dada yako. Fungu lake lisipungue hata ubao mmoja. Wewe na mdogo wako mmezoea kupendana mbele za watu, sasa jifunzeni kupendana pasipo na mtu. Msile kwa ajili yangu. Nikifa, hapatakuwa na ng'ombe. Dua, uji, basi, watu waende makwao. Na kaburini kwangu msilete kitu kinachoota wala kilichokatwa. Niacheni na udongo wa Mungu mtupu.

Mwanajuma, nilaze kidogo upande. Hivyo.

Msidhani nimewalaani. Nimechukizwa, nimechukizwa sana, na sitaficha hilo, lakini chuki ya mzazi inakaa juu juu, chini yake kuna kitu kingine ambacho hakiwezi... ambacho Mola hakukiumba kiweze kung'olewa. Radhi yangu mnayo ninyi wawili, Abasi na Mwanajuma, nimewapa, mashahidi wamesikia. Mungu awaepushe na sifa za watu. Awape watoto watakaowatazama mkiwa hamna faida.

Ya Mashaka bado naishika.

Nenda, mwanangu. Chukua sururu. Ukimaliza usinawe, njoo hivyo hivyo na udongo mikononi niuone, ndipo nitakupa na wewe. Nitajitahidi kungoja. Pumzi... pumzi imekuwa nyembamba, lakini nitangoja. Mwalimu nisomee, polepole, nikufuate.

Na ukikuta nimetangulia, usipige kelele. Watakuonyesha mkono wangu. Nitauacha wazi. Uguse kwa udongo huo huo, iwe ndiyo radhi yako. Kisha nenda ukanawe vizuri, urudi uwasaidie kuniosha.